Kiti cha Ziada

Kamati ikitaka viti mia tatu, mimi napeleka mia tatu na kumi.
Mgeni asiyealikwa ndiye huwahi.
Hilo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa Igoma
na mjomba wa bibi harusi, aliyetokea na wenzake saba
na ng'ombe mmoja, ambaye naye alitaka pa kusimama.

Nina daftari la jalada la samawati, limevimba kwa soda iliyomwagika.
Humo mna harusi mia mbili na kumi na saba.
Sendofu sizihesabu. Vipaimara, mahafali, maziko mawili
(maziko nayo yanataka turubai, na mtu wa kukumbuka chumvi).
Yangu haimo.
Sisi tulifungia bomani, siku ya Alhamisi, mashahidi wanne,
tukanywa soda tumesimama,
Lugembe akawahi zamu kiwandani.

Bado anawahi zamu. Anakata minofu ya sangara,
anatoka saa kumi alfajiri.
Mimi narudi saa tisa usiku, viatu mkononi,
vumbi la kung'aa kwenye nyusi.
Ndoa yetu ina saa moja.
Ndani ya saa hiyo tunakula michembe na karanga,
tunagombana kuhusu ada,
na mara nyingine hatusemi kitu, ananitoa pini kichwani
moja moja, anazipanga kwenye kisosi.

Kuna Jumamosi moja, Capri Point, bustanini,
wadudu wa ziwani walipanda kama moshi wa jiko bovu
wakatua kwenye keki nyeupe ya ngazi tano.
Bibi harusi akaanza kulia. Mshereheshaji akapoteza maneno,
yeye ambaye huwa hayapotezi.
Nikazima taa zote.
Nikawasha moja tu, kule mbali, juu ya choo cha wanaume.
Wingu zima likahama.
Watu mia nne wakapiga makofi gizani,
nami nimesimama kando ya jenereta, mikono inanuka dizeli,
nikajua: kazi hii ni yangu, nayo inanijua.

Usiku uleule Kabula aling'oka jino la kwanza.
Walinipigia mara sita. Simu ilikuwa ndani ya ndoo ya mawaridi.
Baba yake akamtoa nje na tochi,
jino likarushwa juu ya bati bila mimi.
Bati lile nimelinunua mimi.
Harusi ya mia moja na tisa, vyumba viwili;
ya mia moja arobaini, sebule.
Basi jino la mwanangu liko juu ya jasho langu,
na sijui nilie au nidai risiti.

Jana nimemkuta uani, amepanga vizibo vya soda kwa mistari,
njia katikati pana ya kupita maharusi.
Anapanga vizuri. Amerithi jicho.
Mbele kabisa ameweka kigoda chake, hakina mtu.
Hiki cha nani?
Cha ziada.
Mgeni gani anakuja?
Hakuinua uso. Akasogeza kizibo kimoja, kidogo, kushoto.
Wewe, akasema. Ukiwahi.

Nikakaa. Kigoda ni kidogo, magoti yakanifika kidevuni.
Upepo wa ziwa ukaangusha wageni wa safu ya nyuma,
tukawainua.
Simu ikaita ndani ya pochi. Nikaiacha.
Ikaita tena. Nikaiacha hadi mara ya nne.
Ya tano nilipokea, siwadanganyi:
harusi ya mia mbili na kumi na nane, Nyegezi, viti mia tano.
Nikasema sawa.
Nikasema pia: siyo Jumamosi hii. Hii nimejaa.
Mwenyekiti wa kamati akauliza, umejaa kwa nani?

Kabula alikuwa ananitazama mdomoni,
pengo lake wazi, anangoja nitaje jina.